Mashetani (tamthilia)

Mashetani ni tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa na Ebrahim Hussein, mwandishi kutoka Tanzania, na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1971. Inahusu vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanaoshindwa kupata nafasi yao katika jamii iliyobadilika baada ya uhuru. Mmoja wao anasumbuliwa na ndoto, na mwingine amelelewa katika ukoo unaoishi kwa kumbukumbu.

Usuli

Hussein alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini mwa Tanzania, akasoma na baadaye kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya Mashetani alikuwa amejulikana kwa tamthilia ya Kinjeketile (1969), inayohusu Vita vya Majimaji.

Mashetani iliandikwa katika kipindi cha mabadiliko makubwa. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika Januari 1964, Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ukafuata Aprili mwaka huohuo, na Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Familia zilizokuwa na mashamba na hadhi zilivipoteza, huku watu wengine wakipanda kwa haraka kupata vyeo, nyumba na magari.

Wahusika wakuu

* Kitaru: mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa familia iliyotajirika baada ya uhuru.
* Juma: rafiki yake, kutoka ukoo uliokuwa na mali kabla ya Mapinduzi.
* Wazazi wa Kitaru: wanajivunia maisha yao mapya na hawaelewi kinachomsumbua mtoto wao.
* Bibi yake Juma: anaomboleza utukufu uliopotea.

Muhtasari

Tamthilia inaanza na mchezo ndani ya mchezo. Chini ya mbuyu, Juma anaigiza Shetani na Kitaru anaigiza Binadamu. Binadamu anamwua Shetani na kuamini kwamba amemshinda. Mchezo unapokwisha, Juma anauchukulia kama mzaha tu, lakini Kitaru hawezi kuusahau. Anaanza kuota ndoto za kutisha na kuugua, na wazazi wake wanamtafutia tiba. Kwao hayo ni maradhi ya kijana mmoja. Kwa Kitaru ni swali: je, Shetani alikufa kweli?

Kwa upande wa Juma, nyumbani kwao mazungumzo hurudi kwenye enzi zilizopita. Marafiki hao wamesoma pamoja, lakini historia za familia zao zinawaweka pande mbili: kilichokuwa hasara kwa mmoja kilifungua njia kwa wengine. Wanapolazimika kulizungumza jambo hilo, urafiki wao unapoa.

Dhamira

Wahakiki wengi humwona Shetani kama ishara ya ukoloni, na kifo chake kama uhuru wa bendera. Kwa tafsiri hiyo, Shetani hakufa bali amebadili umbo na kuwa ukoloni mamboleo, na pengine amekaa ndani ya nyumba za walionufaika na uhuru wenyewe. Ndiyo maana ndoto za Kitaru zinawaudhi watu wa kwao: zinahoji chanzo cha raha yao.

Dhamira nyingine ni utabaka, kutoelewana kwa vizazi na upweke wa msomi. Bibi yake Juma naye ni mwotaji wa aina yake, lakini yeye anaota yaliyopita, wakati Kitaru anahangaika kuielewa hali ya sasa. Tamthilia haimpi yeyote kati yao suluhisho.

Mtindo

Tofauti na Kinjeketile, ambayo inasimulia tukio la kihistoria, Mashetani inategemea ishara. Imani ya watu wa pwani kwamba mashetani hukaa kwenye mibuyu inatumika kuzungumzia siasa, na mpaka kati ya mchezo, ndoto na uhalisi hauwekwi wazi. Kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa ngumu kuliko tamthilia nyingi za wakati wake.

Nafasi katika fasihi

Suala la mtu anayegongana na jamii yake linarudi katika kazi nyingine za Hussein. Kinjeketile anashindwa kulizuia neno alilolitoa mwenyewe, na katika Kwenye Ukingo wa Thim (1988) mjane Martha anapambana na ukoo wa marehemu mumewe kuhusu mazishi. Mashetani imeendelea kusomwa na kuhakikiwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili.