Nairobi hadi New York: Umbali ni mmoja, saa ni mbalimbali

UMBALI kati ya Nairobi na New York, ukipimwa kwa njia fupi zaidi inayofuata mviringo wa dunia, ni takriban kilomita 11,800. Hata hivyo, msafiri anayetegemea kipimo hicho pekee aweza kukosea saa, na hata siku.

Shirika la Kenya Airways lilizindua safari ya moja kwa moja baina ya miji hiyo mnamo Oktoba 28, 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 Dreamliner. Hadi wakati huo, abiria walilazimika kubadilisha ndege kwingineko, kwa mfano Amsterdam, London au Dubai. Njia hizo zingali zinatumika, ila muda wa kusubiri huirefusha safari.

Dreamliner huruka kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, safari ingechukua saa 13 hivi. Lakini kwenda huchukua takriban saa 15, na kurudi takriban saa 14.

Sehemu ya muda huo hutumika ndege inapopaa, inapojiandaa kutua na inapofuata njia za anga zisizonyooka. Tofauti baina ya kwenda na kurudi husababishwa hasa na upepo mkali unaovuma juu sana angani kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndege iendayo Marekani hupambana nao. Irudiyo husukumwa nao.

Mwinuko wa Nairobi nao una athari zake. Uwanja wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo mabawa na injini hupungukiwa na nguvu. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hulazimika kupunguza mzigo mwingine. Kuondoka usiku husaidia, kwa kuwa hewa baridi ni nzito zaidi.

Kisha kuna tofauti ya majira. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hiyo huwa saa saba.

Kwa mfano, ndege ikiondoka Nairobi saa sita usiku mwezi Januari na kusafiri saa 15, itatua saa tisa alasiri za Kenya, ilhali New York ni saa moja asubuhi. Ikiondoka New York saa sita mchana, itafika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi.

Anayetumia dawa kwa saa maalumu yafaa amwulize daktari mapema azifuate saa za wapi.

La kuangaliwa zaidi ni tarehe. Tiketi ikionyesha Jumanne, dakika tano baada ya saa sita usiku, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumanne. Abiria huyo anapaswa kuwa uwanjani Jumatatu jioni, angalau saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Akingoja Jumanne jioni, ndege yake itakuwa imekwishatua New York.