Vikwazo vya haki ya mazingira Roret

Vikwazo vya haki ya mazingira Roret ni mambo yanayozuia wakazi wa eneo hili la chai, Bureti, Kaunti ya Kericho, Kenya, kushiriki kwa usawa katika maamuzi ya mipango ya ardhi na maji. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kuitetea mahakamani. Hata hivyo, ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na wakulima wadogo hukosa wakili. Chanzo cha kihistoria cha vikwazo hivi ni ukoloni wa Uingereza, uliowahamisha Wakipsigis na ukoo wa Talai kutoka ardhi yao. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliunga mkono madai yao kuhusu dhuluma hiyo ya ardhi.