Mali iliyofukiwa si mali iliyotupwa

  Leo nitawasimulia habari ya sanduku moja, kisha tuulizane linatufundisha nini sisi tunaongojea kurudi.

Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mashariki mwa Uingereza, mkulima mmoja alikuwa amepoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, mzee Eric Lawes, amsaidie kuitafuta. Mzee huyo alikuwa na mashini inayolia inapopita juu ya chuma, shaba, fedha au dhahabu iliyo udongoni. Mashini ikalia. Akachimba, akaona vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu nyingi za zamani.

Wengine wangechimba usiku kucha na kunyamaza. Yeye aliacha kuchimba. Akaita polisi na wakubwa wa jimbo, maana shamba lilikuwa la jimbo. Kesho yake wakaja wataalamu, wakachimba polepole.

Walikuta sarafu karibu 15,000 za utawala wa Roma. Kwa sababu mzee hakuvuruga vitu, waliona jinsi vilivyopangwa: sanduku la mbao, ndani yake visanduku vidogo vyenye kufuli za fedha, vyombo vimetengwa kwa majani makavu ili visikwaruzane. Bangili moja ilikuwa na jina la mwanamke, Juliane. Sarafu za mwisho zilitengenezwa mwaka 407 au 408, wakati askari wa Roma walipokuwa wakiiacha nchi hiyo na usalama ukipungua.

Ndugu zangu, anayefunga kufuli anatazamia kurudi. Watu wale hawakurudi kwa miaka karibu 1,600.

Sheria ya Uingereza wakati ule ilisema hivi: mali iliyofichwa kwa nia ya kuirudia, mwenyewe asipojulikana, ni ya ufalme, na aliyeiokota na kuitangaza hulipwa. Mzee Lawes alilipwa paundi 1,750,000, akamgawia rafiki yake mkulima. Sheria mpya ya mwaka 1996 inampa mwokotaji siku 14 za kutoa habari. Nyundo nayo ilipatikana, na imewekwa katika jumba la makumbusho la London pamoja na hazina.

Sasa turudi kwetu. Wengi wenu mlifukia sufuria, majembe, pengine akiba ya mtoto, mkakimbia usiku. Siku moja mwingine atalima pale, na jembe lake litagonga kitu. Mwenye mali hakufa miaka 1,600 iliyopita. Labda yuko kambini, anahesabu siku. Mali yake ikiliwa kwa siri, akirudi patakuwa na ugomvi, na ugomvi wa watu wawili huwa ugomvi wa makabila mawili.

Basi tufanye hivi. Kwanza, acha kuchimba. Kitu cha chuma usichokijua usikiguse kamwe, wala watoto wasikisogelee, maana kinaweza kuwa bomu. Mashini ya namna ile hutumiwa pia kutafuta mabomu ya ardhini, nayo hulia sawasawa kwa sarafu na kwa bomu. Pili, mwite mkuu wa kijiji, pamoja na mashahidi wa pande zote, waliobaki na waliorudi. Tatu, andikeni vitu vyote kimoja kimoja, kila mtu atie sahihi au kidole. Nne, tangazeni kwamba kuna mali imeonekana, lakini msitaje ni nini. Anayedai aeleze alama zake kabla hajaonyeshwa.

Wakuu wetu, daftari hilo ni kazi yenu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu anayekuta sufuria yake imetunzwa na jirani aliyemwogopa, atalala usingizi katika kijiji kile.

 Amani iwe kwenu.