Merikebu Iliyozama Mbele ya Ngome

Katika maji yaliyo mbele ya ukuta huu imelala Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno iliyoundwa Bassein, magharibi mwa India. Ilitoka Goa kuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani humu Fort Jesus tangu Machi 1696. Ilizama mwaka 1697; ngome ikatekwa Desemba 1698.

Kati ya 1977 na 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wanaakiolojia wa baharini, wakiongozwa na Robin Piercy, waliifukua. Tope lililoifunika ndilo lililoihifadhi, kwani mbao zisizofikiwa na hewa huoza polepole mno. Kila kitu kilichorwa na kupimwa pale kilipokuwa kabla ya kuguswa. Zilitoka bakuli za kaure za China, mitungi mikubwa, magogo ya mpingo, mizinga, na vyombo vya mabaharia wenyewe.

Kazi ngumu zaidi ilianzia nchi kavu. Chumvi ya bahari hujipenyeza ndani ya chuma, udongo na mti; kitu kikikaushwa kwa haraka, hupasuka au kusinyaa. Kwa hiyo vitu vilivyotolewa vililowekwa katika maji matamu kwa muda mrefu, na mbao zikashibishwa dawa ya kuzishikilia. Kiunzi cha merikebu kiliachwa chini na kufukiwa tena. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mbao zilizofukiwa huoza polepole.

Mvuvi au mzamiaji, ukikuta kitu cha kale baharini, usikitoe. Kiache kilipo, uwaarifu watu wa makumbusho.