Shabaha na Kushabihi: Bunduki Iliyovishwa Sura ya Nyingine

Wiki jana aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye siku hizi ni mkalimani mahakamani, alinipigia simu jioni. "Mwalimu, za siku?" aliniuliza, na kabla sijajibu akaingia kwenye jambo lake. Alitaka kujua iwapo bunduki iliyotengenezwa ifanane na nyingine, lakini yenyewe inafyatua risasi kwelikweli, inafaa kuitwa "bunduki bandia". Magazeti yetu, na hili mnalolisoma halijatakasika, huandika "bastola bandia" kila polisi wanapomnasa mtu na kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi. Je, neno lilo hilo litoshe kwa chuma kinachoweza kuua? "Nikikosea hapo, Mwalimu, mtu anaweza kufungwa kwa kosa ambalo si lake," akaniambia.

Nilimwomba anipe siku mbili. Ukweli ni kwamba swali lake halikuwa geni kwangu. Niliwahi kulikosea mwenyewe, tena mbele ya mtu niliyemheshimu, miaka mingi iliyopita nilipokuwa nikisomea jimbo la Ohio kule Marekani.

Nilikuwa na jirani, mzee Mmarekani Mweusi, seremala aliyestaafu. Jumamosi moja ya Novemba, baridi ikiuma hadi kwenye mifupa, alinialika kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Juu ya meza palikuwa na bunduki moja na vitako viwili vya mbao. Nikisema kitako sina maana ya ile sehemu ya nyuma peke yake inayoegemezwa begani, bali ubao mzima unaoshikilia chuma. Mimi, mtoto wa mtu ambaye hakuwahi kumiliki hata manati, nilibaki mlangoni. Mzee akacheka. "Haina risasi. Ingia."

Chuma chenyewe kilikuwa cha Ruger 10/22, bunduki ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1964 na ambayo imetengenezwa zaidi ya milioni tano tangu hapo. Jina lake linajieleza: magazini yake inabeba risasi 10, na kipenyo chake ni inchi 0.22. Risasi hizo ni za aina ambayo kiwashio chake kimetiwa ndani ya ukingo wa ganda, pale chini. Kwa risasi kubwa, kiwashio huwa katika kijikombe kidogo katikati ya tako la ganda. Wazee wetu waliotumia magobore wangekiita fataki bila kusita. Lakini kwa hii ndogo, pini ya bunduki hugonga ukingo wenyewe, ukabonyea, kiwashio kikalipuka na baruti ikashika moto. Kwa kuwa ukingo lazima uwe mwembamba ndipo ubonyee, ganda haliwezi kuhimili nguvu nyingi. Ndiyo maana risasi hizi ni dhaifu zikilinganishwa na za kivita, na ndiyo maana ni za bei nafuu. Wamarekani wengi hufunzwa shabaha nazo wakiwa watoto, kwa kulenga mikebe.

Sasa, mzee huyu alikuwa ameivua Ruger yake kitako cha kiwandani na kuivisha kingine alichokichonga kwa mti wa mjozi. Aliongeza kifuniko cha mbao juu ya mtutu, pete ya chuma inayoufunga mtutu na ubao pamoja, na mkanda wa kitambaa kigumu uliopita katika tundu kwenye kitako, ukazuiwa na kichupa chembamba cha mafuta. Ukisimama hatua kumi ungeapa kwamba unaitazama karabini ya M1, silaha ya jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kazi hii ina wapenzi wengi kule, na kuna sababu. Mwaka wa 1963 karabini kuukuu za jeshi ziliuzwa kwa dola 20 kwa wanachama wa chama kikuu cha wenye bunduki. Leo iliyo halisi inaweza kuzidi dola 1,000, na risasi zake si rahisi. Ruger ya kwanza yenyewe iliuzwa kwa jina la karabini, ikiwa na pete ya mtutu kama ile ya M1, kwa hiyo nusu ya safari fundi ameshafanyiwa.

Nikamuuliza vitako viwili ni vya nini. Hapo ndipo akatoa picha.

Ilikuwa picha ndogo ya kijana aliyeegemea lori la GMC, kofia ya chuma kichwani, karabini begani. Alikuwa baba yake, Ufaransa, mwaka wa 1944. Majeshi ya Marekani yalipopenya kutoka Normandy yalikwenda mbio kuliko petroli na chakula chao, na reli zilikuwa zimevunjwa na mabomu. Ikaundwa njia ya malori iliyoitwa Red Ball Express, iliyofanya kazi kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Novemba, ikianzia Saint-Lô hadi Chartres na kuvuka. Malori yalikwenda kwa barabara moja na kurudi kwa nyingine, mchana na usiku, taa zimezibwa zikabaki kama macho ya paka. Katika kila madereva wanne, takriban watatu walikuwa Weusi. Jeshi la wakati huo lilikuwa bado limegawanywa kwa rangi, na ni amri ya Rais Truman ya mwaka wa 1948 iliyoanza kuubomoa ukuta huo.

Na karabini iliundwa hasa kwa ajili ya watu kama hao. Bunduki ya askari wa miguu, M1 Garand, ilikuwa na uzani wa zaidi ya kilo 4. Dereva, mpishi, karani, mtu wa redio, mtu wa mizinga, hawa hawakuweza kufanya kazi zao huku wameubeba mzigo huo, na bastola nayo haikuwafaa sana. Jeshi likataka kitu cha kilo 2 na ushei. Winchester walishinda, na muundo wao ukakubaliwa Oktoba 1941. Zikatengenezwa zaidi ya milioni sita, na waliozitengeneza wengi hawakuwa mafundi wa silaha hata kidogo: Underwood wa taipureta, IBM wa mashine za hesabu, Rock-Ola wa zile santuri za baa zinazotiwa sarafu. Idara moja ya General Motors, Inland, ilitoa zaidi ya milioni mbili na nusu peke yake.

Kitako cha kwanza, mzee aliniambia, alikichonga baada ya kutazama filamu za vita tangu utotoni. Alikifunga kwa pete yenye mahali pa kupachikia singe, kwa sababu kwenye filamu karabini zote zilikuwa nayo. Kisha mama yake akafariki, wakapanga vitu vyake, picha ikaibuka. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Karabini ya baba yake haikuwa na mahali pa singe! Akaanza kusoma, akagundua kwamba pete ile ilikuja vita vikielekea kwisha, na kwamba baada ya vita karabini nyingi zilirudishwa kwenye karakana za jeshi zikatiwa vipuri vipya. Zile za kwenye filamu zilikuwa zimeshabadilishwa sura. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameishika mikononi karabini ambayo baba yake hakupata kuibeba.

Ndipo akachonga kitako cha pili. Akaniambia kwa furaha kama ya mtoto kwamba hata kitufe cha usalama kilikubaliana naye. Karabini za mwanzo zilikuwa na kitufe cha kusukuma, karibu sana na kile cha kuachilia magazini, na askari katika taharuki walikuwa wakibonyeza kisicho, magazini inaanguka matopeni. Baadaye kikawekwa kiwiko cha kuzungusha. Ruger ina kitufe cha kusukuma. Kwa hiyo bunduki ya 1964 ilikuwa karibu zaidi na ile ya 1944 kuliko karabini nyingi halisi zilizotengenezwa upya.

Basi akaniuliza, "Kwenu hii mngeiitaje?"

Nikajibu haraka, kama wafanyavyo wanafunzi wa isimu wanaojiona wanajua. Nikasema: bunduki bandia. Akataka maana. Nikamweleza kwamba bandia ni mwanasesere anayechezewa na watoto, na vilevile ni kitu cha kughushi, kama noti bandia. Alinyamaza kidogo, kisha akaikunja picha katika karatasi yake. "Baba yangu waliambiwa wao si wanajeshi kamili, ni madereva tu," akasema. "Sasa na hii nayo si kamili."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

Tangu siku hiyo nimelitazama kwa makini zaidi lile kapu la maneno yetu ya silaha. Lina utajiri, lakini karibu wote ni wa mambo ya zamani. Bunduki limetokana na Kiarabu, jina la njugu moja ngumu ya mviringo ambalo likahamia kwenye vigololi vya kurushwa, kisha kwenye chombo cha kuvirusha. Risasi ni madini yenyewe, yale mazito laini. Kasiba, jina jingine la mtutu, lilikuwa utete, ule mmea wenye uwazi ndani. Hata magazini, ambayo twaidhani Kiingereza kitupu, ni binamu ya hazina: yote mawili yanarudi kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuweka akiba. Lakini baada ya gobore, bastola na mzinga, kila kilichofuata tumekitupa ndani ya neno bunduki tukafunga mlango. Wazee wa Keya waliotoka Burma walijua tofauti ya kila kilichopita mikononi mwao. Wajukuu wao tunaandika "bunduki" na kusonga mbele. Mimi nimechagua kuandika karabini, na atakayeona ninavuruga lugha anipe lake.

Lililonishika zaidi ni neno ambalo mzee yule aliligusa pasipo kujua. Shabaha kwetu ni kile unacholenga. Lakini kamusi za zamani zililipa neno hilo maana ya pili: mfanano, sura ya kitu katika kingine, na hadi leo twasema mtoto anamshabihi babake. Maana hiyo ya pili imetuponyoka, tukabakiwa na ya kulenga tu. Nadhani tumepoteza kitu. Anayetengeneza mfano huwa analenga, na swali la kwanza la kumuuliza ni alikuwa akilenga nini. Vitako viwili vya mzee vilikuwa na ustadi mmoja na mti mmoja. Kimoja kilishabihi filamu, kingine kilimshabihi dereva mmoja wa lori.

Na filamu hizo, jamani! Kuna moja ya mwaka wa 1952 iitwayo Carbine Williams, James Stewart ndiye mwigizaji mkuu. Ni kisa cha David Marshall Williams wa North Carolina, aliyekuwa akipika pombe haramu. Naibu wa sherifu aliuawa katika msako wa mwaka wa 1921, Williams akafungwa, na akiwa jela akaunda bunduki katika karakana ya gereza hadi akaachiliwa mwaka wa 1929. Hayo ni kweli, na ni ya kushangaza. Ni kweli pia kwamba pistoni yake fupi inayosukumwa na gesi ndiyo iliyotumika ndani ya karabini. Lakini karabini yenyewe iliundwa kwa haraka na kundi la wahandisi wa Winchester, na watu waliotoka sinema waliondoka wakiamini kwamba iliundwa na mfungwa mmoja mwenye kipaji. Williams hakuwa bandia. Historia yake ilifungwa tu pete isiyokuwapo.

Siku mbili zilipokwisha nilimpigia mkalimani wangu. Nilimwambia bandia aliachie lile kipande cha ubao, kitu chenye sura ya bunduki kisichoweza kufyatua. Hata hicho si mchezo, maana sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, humhesabia kosa hata anayetumia kitu chenye sura tu ya bunduki kuwazuia polisi wasimkamate. Ghushi aliweke kwa kitu kilichotengenezwa ili mnunuzi adanganyike kuwa ni cha kiwanda fulani. Kwa kinachofyatua risasi zake chenyewe huku kimevishwa umbo la kingine, aseme hivyo hasa: bunduki halisi, na ataje ni ipi, iliyotengenezwa ishabihi nyingine, na ataje ni ipi.

"Mwalimu, hayo ni maneno mengi. Hakimu atanikata njiani."

Nikamwambia amwombe hakimu sekunde tano. Nikasikia droo ikifunguliwa, karatasi zikipekuliwa, kalamu ikigomagoma.

"Haya, ninaandika," akasema. "Rudia polepole."