Siri ya Maji Matamu

Leo katika somo letu la historia tutasikia habari za siri moja, jinsi ilivyopimwa, na faida ya kuandika maarifa ili yawafae wengi.

Zamani, baharia aliyeishiwa maji safarini alikuwa katika hatari kubwa. Bahari imemzunguka pande zote, lakini akiyanywa maji yake, chumvi humzidishia kiu hata akafa.

Mwaka 1791, Bunge la Marekani lilikuwa na ombi la Jacob Isaacks, mtu wa mji wa Newport. Alisema kwamba anajua kuyageuza maji ya bahari kuwa matamu, kwa kutia dawa aliyoichanganya mwenyewe. Dawa ilikuwa siri yake, naye alitaka serikali imlipe.

Kazi ya kuchunguza jambo hilo alipewa Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye mwaka 1801 alikuwa Rais. Jefferson hakukubali upesi, wala hakukataa. Aliwaita wataalamu washuhudie mjini Philadelphia. Isaacks akaweka chungu motoni, akakifunika kwa kifuniko cha bati chenye bomba. Bomba lilipita ndani ya pipa la maji baridi. Maji yalipochemka, mvuke uliingia bombani, ukapoa, ukawa maji tena. Chumvi ikabaki chunguni. Katika painti 24 za maji ya bahari zikapatikana painti 22 za maji matamu, kwa kuni ratili 20.

Je, hiyo ilikuwa kazi ya dawa? Wakajaribu tena bila dawa. Maji yakatoka matamu vile vile! Kumbe kazi ni ya moto na mvuke tu. Tena, daktari James Lind alikwisha kulieleza jambo hilo katika miaka ya 1760. Lilikuwa vitabuni, lakini mabaharia wengi hawakuwa na habari zake.

Basi Jefferson akatoa shauri. Kila nahodha hupewa hati ya ruhusa ya kuondoka bandarini. Nyuma ya hati hiyo, akasema, yachapwe maelezo ya kupata maji matamu kwa chungu na bomba. Tena nahodha aliyejaribu alete habari, ili wengine wajifunze kwake. Isaacks alitaka kuuza siri. Jefferson alitaka kila chombo kiwe na maarifa.

Kazi hiyo iliendelea. Mwaka 1966 lilianzishwa jarida liitwalo Desalination, chini ya mhariri Miriam Balaban, ili wataalamu wa nchi mbalimbali wapashane habari za kutoa chumvi katika maji.

Lakini karatasi haimwokoi asiyejua kusoma. Ndiyo sababu mko darasani jioni hii.

Sasa zungumzeni na mwalimu wenu:
1. Kwa nini walijaribu mara ya pili bila dawa?
2. Kwa nini Jefferson alichagua hati ya nahodha?
3. Ni maarifa gani ya kijiji chenu yanayofaa kuandikwa?