Walipomfungia Mlango Lenshina

Tukivuka Tunduma kuingia Nakonde na kushika barabara ya Mpika, tunaikaribia Chinsali. Huko, mwaka 1953, Alice Lenshina alishuhudia kwamba alikufa, akakutana na Yesu, akarudishwa. Wachungaji wa misheni ya Lubwa walimsikiliza, wakambatiza. Maelfu walimjia wakisalimisha hirizi zao. Lakini alipoanza kubatiza mwenyewe, viongozi walimtenga. Likazaliwa kanisa la Lumpa. Mwaka 1964 waumini wake walipigana na wafuasi wa chama na askari, mamia walikufa.

Viongozi walilinda utaratibu, wakapoteza kondoo. Nasi tunao utaratibu wetu, tena mzuri. Mshirika akija na ushuhuda tusiouzoea, tumwonye, tumfundishe, lakini tusichoke kuketi naye.